Gari la kukokotwa

Wamarekani wanaozunguka na gari-nyumba, yale mabasi yenye kitanda, jiko na choo humo humo, wakishaegesha kambini hupata taabu moja: mkate ukiisha, nyumba nzima iende dukani. Ndiyo maana wengi hufunga gari dogo nyuma. Wao huliita kwa jina la kimashua kinachofuata chombo kikubwa baharini. Nasi tungeweza kuliita kihori, na watu wa pwani wangelipenda, ila fundi wa Arusha asingeambulia kitu. Nachagua gari la kukokotwa.

Kuvuta ni neno pana mno. Hata gari lililopakiwa juu ya tela linavutwa. Linalokokotwa linakanyaga chini kwa magurudumu yake yote manne, na hapo ndipo giaboksi za otomatiki hufia.

Dereva atauliza: si naweka fri tu? Fri hukata nguvu ya injini, basi. Magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani ya giaboksi, ilhali pampu ya mafuta yake inategemea injini, nayo imezimwa. Vyuma vinasagana vikavu mpaka vinaungua. Hata huku kwetu, otomatiki iliyofungwa kamba na kuburutwa mwendo mrefu hadi gereji inaweza kufika na ugonjwa wa pili.

Kwa hiyo mnunuzi asihadaike na udogo wa gari; atazame giaboksi. Jeep Wrangler ina kisanduku cha pili cha kugawa nguvu kwa magurudumu. Kikiwekwa N, yaani fri yake chenyewe, giaboksi kubwa inapumzika. Honda CR-V ya otomatiki iliyouzwa Marekani iliruhusiwa na kiwanda kukokotwa hadi toleo la 2014, kwa masharti: washa injini, ingiza D, rudisha N, iache iungurume dakika 3, ndipo uzime. Toleo la 2015 lilikuja na giaboksi ya mkanda, na ruhusa ikafutwa. Smart Fortwo ya petroli iliyouzwa Marekani hadi toleo la 2015 ndiyo yenye ujanja zaidi: haina pedali ya klachi, lakini ndani ni giaboksi ya manual ambayo kompyuta huibadilishia gia, kwa hiyo nayo iliruhusiwa.

Ukishapenda gari lisiloruhusiwa, lipakie kwenye tela, au kama linaendeshwa na magurudumu ya mbele, yainue hayo kwa kitoroli. Na rivasi usijaribu ukiwa unakokota: magurudumu ya mbele ya gari dogo hujikunja yenyewe na kuvunja vyuma vya kufungia. Shuka, fungua, ndipo urudi nyuma.