Balozi Salim Ahmed Salim na Daftari Lililofunguliwa



Kila tupandapo mjini twaliona jengo la mikutano la AICC. Ndani ya kuta zake imepita sehemu ya maisha ya Mtanzania ambaye yafaa vijana wetu wamfahamu, naye ni Balozi Dkt. Salim Ahmed Salim.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22 tu. Katika umri huo mimi nilikuwa bado napima sukari dukani kwa baba yangu. Mwaka uliofuata alipelekwa India, akatumikia huko hadi 1968. Akiwa New Delhi alisoma katika Chuo cha St. Stephen's, wala hakuona kuwa cheo cha ubalozi kilimzuia kuwa mwanafunzi.

Baada ya kituo cha China, mwaka 1970 alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, akakaa miaka kumi. Aliongoza kamati maalumu ya kuondoa ukoloni wakati Msumbiji na Angola zingali mikononi mwa Wareno. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuitetea China ipate kiti chake, na mwaka 1979 Balozi Salim akachaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu.

Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo dhidi ya Kurt Waldheim. Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Waldheim. Baada ya duru 16 za kura bila mshindi, wote wawili wakakaa pembeni, na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Salim aliendelea na kazi yake ya Waziri wa Mambo ya Nje. Aprili 1984, taifa lilipompoteza Edward Sokoine, mwana wa Monduli, ndiye aliyekabidhiwa Uwaziri Mkuu.

Mwaka 1989 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na akashika wadhifa huo hadi 2001. Hapo ndipo historia yake inapokutana na mji wetu. Tarehe 4 Agosti 1993 Mkataba wa Amani wa Rwanda ulitiwa saini hapa Arusha, na OAU ilikuwa miongoni mwa waliousimamia. Nakumbuka furaha ya siku zile. Sisi wafanyabiashara tulijivuna kwamba amani ya jirani imepatikana mjini kwetu. Miezi minane baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakaanza. Furaha yetu ikageuka aibu na majonzi, na mji uleule uliotia saini amani ukawa makao ya mahakama ya kuwahukumu wauaji.

Kiongozi mwingine angelifunika jambo hilo. Wakati wa uongozi wa Salim, OAU iliunda jopo la watu mashuhuri chini ya Ketumile Masire, Rais mstaafu wa Botswana, kuchunguza yaliyotokea. Ripoti yake ya mwaka 2000 ililaumu mataifa makubwa na Umoja wa Mataifa, wala haikuiacha OAU yenyewe, kwa ukimya wake.

Katika maisha yote ya Balozi Salim, hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Vyeo alipewa na wengine, lakini kukubali nyumba yako mwenyewe ikaguliwe hutoka moyoni mwa mtu. Majirani zetu wamezoea kutuona wakati wa Diwali tukifungua madaftari mapya ya hesabu na kuyaombea baraka. Wazee wetu walitufundisha kwamba daftari jipya halina baraka ikiwa hesabu za lile la zamani zimefichwa, na kwamba hasara nayo huandikwa kwa wino uleule wa faida.

Tunapoadhimisha miaka ya hekalu letu, nasi tuyasome madaftari yetu hivyo hivyo: mema tuliyowatendea majirani, na siku tulizonyamaza tulipopaswa kusema. Mwenyezi Mungu ambariki Balozi wetu, na audumishe ujirani wetu.

Namaste.