Masista Walimu na Watoto Wetu wa Kike

Katika somo hili twataka kutazama kazi ya masista walimu katika nchi yetu ya Kongo. Hatutazunguka nchi yote. Tutakaa Wamba na Bafwabaka, upande wa kaskazini-mashariki.

Zamani za Wabeljiki, mvulana alifundishwa ili awe karani au mwalimu. Msichana alifundishwa kusoma kidogo, kushona na kutunza nyumba. Tuseme kweli: fungu lake lilikuwa dogo. Sophie Kanza, msichana wa kwanza wa Kongo kumaliza shule ya sekondari, alimaliza mwaka 1961 tu. Na hata fungu hilo dogo wazazi wengi walilionea mashaka, maana binti huolewa, naye huleta mahari. Shule italeta nini?

Ndipo Askofu Camille Verfaillie alipoanzisha shirika la masista Waafrika, likaitwa kwa lugha yetu Jamaa Takatifu, makao yake Bafwabaka. Mzazi aliyemwona sista mzungu darasani aliweza kusema: hayo ni mambo ya wageni. Lakini alipomwona binti wa jirani, ajuaye lugha ya nyumbani na desturi za wazee, amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, aseme nini tena?

Mmoja wa mabinti hao alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, akaitwa Nengapeta. Mama yake alizaa wasichana sita. Baba, kwa kuwa hakupata mwana wa kiume, alimwacha mama huyo akaoa mwingine. (Jina Anuarite, tulijualo sote, lilikuwa la dada yake, walipoandikwa shuleni majina yalichanganywa, likamshika hadi leo.) Alipotaka utawa mama alikataa. Siku moja gari la misioni lilipokuwa likiwachukua wasichana kwenda Bafwabaka, akapanda bila kuaga nyumbani.

Watu huuliza: binti asiyeolewa ana faida gani kwa ukoo wake? Tarehe 5 Agosti 1959, alipoweka nadhiri kwa jina la Sista Marie-Clémentine, wazazi wake walikuja wakatoa mbuzi wawili kwa shirika, kwa furaha. Hapo mahari haikuingia nyumbani mwao. Wao ndio waliotoa, na kwa ajili ya mtoto wa kike.

Alifundisha watoto wa shule ya msingi huko Bafwabaka. Hakuwa mwenye akili nyepesi kupita wenzake. Alikuwa mwenye bidii. Tena alitunza sakristia, akasaidia jikoni.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote garini. Huko Isiro kanali mmoja alimtaka Sista Anuarite awe mke wake. Alikataa kwa ajili ya nadhiri yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba aliuawa, akiwa amemsamehe aliyempiga. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri, naye akamsamehe muuaji hadharani. Sikukuu ya mwalimu huyo huadhimishwa kila tarehe 1 Desemba.