Warushaji chipukizi wa besiboli hupimwaje?

KASI ya mpira ndiyo humvutia mtazamaji anapomwona mrushaji chipukizi wa besiboli. Hata hivyo, wasaka vipaji wa klabu za Marekani wanafahamu kuwa wengi waliojaliwa kasi hawakufika Ligi Kuu.

Kipimo chao ni alama kutoka 20 hadi 80. Alama 50 ni wastani wa wachezaji wa Ligi Kuu yenyewe, wala si wa vijana wa rika lake. Kila aina ya mpira anaorusha hupewa alama mbili: ya kiwango chake cha sasa na ya kiwango anachotarajiwa kufikia. Alama hii ya pili ni ubashiri mtupu, na mamilioni ya dola hulipwa kwa kuutegemea.

Mrushaji anayeanza mechi hukabiliana na mpigaji yule yule mara mbili au tatu. Akiwa na mpira wa kasi na ule wa kupinda pekee, mpigaji humzoea. Ndiposa hutafutwa mrusho wa tatu, aghalabu mpira wa polepole unaorushwa kwa mwendo ule ule wa mkono, ili mpigaji ahadaike na kupiga mapema. Asiye nao yamkini ataishia kuingizwa kama mrushaji wa akiba, kwa muda mfupi.

Shabaha nayo haina mbadala. Greg Maddux, ambaye hakusifika kwa kasi, alishinda mechi 355 kati ya 1986 na 2008 kwa kuupeleka mpira alikotaka.

Lisilopimika ni uthabiti wa mkono. Tangu 1974, Dkt Frank Jobe alipompasua Tommy John kiwiko na kumwekea kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, upasuaji huo umewanusuru wengi. Bega ni gumu zaidi kutibu. Brien Taylor, aliyechaguliwa wa kwanza nchini humo mwaka 1991 na kulipwa dola milioni 1.55 na Yankees, aliumia bega katika ugomvi mnamo Desemba 1993. Hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu.

Kinyume chake ni Jacob deGrom. Mnamo 2010, Mets walimchagua akiwa wa 272, kijana aliyecheza zaidi kama mlinzi chuoni, na mwaka huo huo akapasuliwa kiwiko. Alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2018 na tena 2019.