Pereira: Asili, Maana na Kuenea kwa Jina la Ukoo la Kireno



Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kipindi cha etimolojia, mwanafunzi mmoja wa ukoo wa Pereira alinifuata ofisini. Babu yake alitoka Goa akahamia Dar es Salaam. Alikuwa amesoma mahali kwamba majina yote ya Kireno yatokanayo na miti ni ya Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu. Akaniuliza: “Mwalimu, kumbe sisi asili yetu ni Wayahudi?” Nilimjibu kwa neno moja tu, “Hapana,” nikaendelea kusahihisha mitihani. Jibu lile halikuwa la haki kwake wala kwa taaluma yetu. Mhadhara huu unakusudia kulitengeneza.

Maana na Mofolojia ya Jina

Katika Kireno, neno pereira lina maana ya mti uzaao pêra, yaani tunda la nchi za baridi, la jamii moja na tufaha, ambalo sokoni kwetu huitwa peasi. Tunda lenyewe latokana na Kilatini pirum, na kiambishi tamati -eira chatokana na -aria ya Kilatini. Kwa njia hiyohiyo figo, yaani tini, huzaa figueira. Na oliva, yaani zeituni, huzaa oliveira. Hapa msemaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Sisi twasema embe na mwembe, chungwa na mchungwa, nazi na mnazi. Kireno huupata mti kwa kuongeza mkia; Kiswahili huupata kwa kuongeza kichwa.

Hata hivyo, yafaa tujihadhari. Kiambishi -eira hakitaji miti pekee. Hutaja pia mahali penye wingi wa kitu. Ferreira, jina jingine mashuhuri, limetokana na ferro, yaani chuma, wala hakuna mti uzaao chuma. Kwa hiyo, Pereira laweza kueleweka kuwa ni mti, na laweza kueleweka kuwa ni mahali palipojulikana kwa mti huo, kama sisi tunavyosema Mnazi Mmoja, Miembeni au Mikocheni.

Historia inaunga mkono maana hiyo ya pili. Ukoo mashuhuri wa Pereira ulipata jina lake kutokana na ardhi iliyoitwa hivyo huko Minho, kaskazini mwa Ureno. Aliyelitukuza zaidi ni Nuno Álvares Pereira (1360–1431), jemadari aliyewashinda Wakastilia katika vita vya Aljubarrota tarehe 14 Agosti 1385, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Binti yake aliolewa na mtawala wa kwanza wa Bragança, na katika uzao huo wakatoka wafalme walioitawala Ureno tangu 1640 hadi 1910.

Dhana ya Majina ya Miti

Sasa tulitazame swali la mwanafunzi wangu. Mwaka 1497 Wayahudi wa Ureno walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Wakristo wapya. Katika ubatizo waliacha majina yao na kuchukua ya Kireno. Kutokana na tukio hilo imezuka imani kwamba walipewa majina ya miti ili watambulike.

Imani hiyo haisimami mbele ya tarehe. Nuno alikuwa amekwisha kufa miaka 66 kabla ya ubatizo ule, na jina la Pereira lilikuwa la kale hata kwake. Isitoshe, mtu anayetaka kujificha hachagui jina litakalomfichua. Wakristo wapya walichukua majina yaliyokuwa yakitumiwa na majirani zao: ya miti, ya watakatifu, ya vijiji. Ni kweli kwamba wako Wayahudi walioitwa Pereira. Jacob Rodrigues Pereira (1715–1780), aliyesifika nchini Ufaransa kwa kuwafundisha viziwi kusema, alikuwa mmoja wao. Lakini kutoka “baadhi ya Wayahudi waliitwa Pereira” hadi “kila Pereira ni Myahudi” pana korongo ambalo mantiki haliruki.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2015 Ureno ilianza kutekeleza sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa humo, na jina la ukoo lilitajwa miongoni mwa vielelezo vya uhusiano na nchi hiyo. Masharti yalikazwa mwaka 2022. Kwa watu wengi, basi, etimolojia ilikuwa imefika mpaka kwenye dirisha la pasipoti.

Jina Lavuka Bahari

Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliziteka Kilwa na Mombasa. Wakati huohuo, ama mwaka uliofuata, mwanawe Lourenço alitia nanga Sri Lanka. Baba na mwana, pwani mbili, bahari moja. Wareno waliondolewa Sri Lanka na Wadachi mwaka 1658. Nasi tuliwaona hadi Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Walikaa kwetu muda mrefu zaidi. Mbona basi Sri Lanka imejaa watu waitwao Perera, na Uswahilini hakuna ukoo wa wenyeji uitwao hivyo?

Sauti si kizuizi. Wasinhala waligeuza Pereira kuwa Perera, wakaufupisha mfuatano wa irabu ei kuwa e. Waswahili walifanya vivyo hivyo walipoigeuza bandeira kuwa bendera. Wala hatukukataa maneno: meza, leso na gereza yamo vinywani mwetu. Hata pera, tunda la mpera, wataalamu wengi hulihusisha na pêra hiyohiyo. Neno la peasi likavikwa tunda jingine lililoletwa kutoka Amerika.

Jibu limo katika ubatizo. Neno la kawaida hupita sokoni. Jina la ukoo hupita kanisani na katika daftari. Sri Lanka wengi wa pwani walibatizwa, na wakoloni wakawaandika wao na ardhi zao katika madaftari yaitwayo tombo. Jina likafungamana na shamba, likabaki hata kwa wazao waliorejea katika dini ya Buddha. Pwani yetu ilibaki ya Kiislamu, na mtu akaendelea kujulikana kwa bin na binti. Yusuf bin Hasan wa Mombasa alilelewa Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Agosti 1631 aliasi, akamuua kapiteni wa ngome, akarudia dini yake na jina lake. Kwake, kulivua jina ilikuwa sehemu ya uasi.

Pereira wa miji yetu, basi, hawakuachwa na manowari za karne ya 16. Walikuja baadaye kutoka Goa, iliyotekwa na Wareno mwaka 1510, ambako waliobatizwa mara nyingi walichukua jina la padri au la msimamizi wa ubatizo. Ndiyo maana familia mbili za Pereira zaweza kuwa jirani pasipo kuwa na tone moja la damu ya pamoja. Huko Brazili, ambako watumwa wa Kiafrika nao walibandikwa majina ya Kireno, sensa ya 2022 iliwahesabu akina Pereira zaidi ya milioni 6.8, na jina hilo likashika nafasi ya tano.

Hitimisho

Umaarufu wa jina hili hautokani na uzazi wa ukoo mmoja. Umetokana na shamba, ubatizo, utumwa na daftari. Jina latuonyesha njia ambayo watu walipitishwa; halitoi cheti cha damu. Sisi tuliobishana muda mrefu juu ya maana ya kujiita Mshirazi twapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine.

Kwa mwanafunzi wangu nasema hivi: jina lako lilianza kuwa mti, likawa shamba, likawa ukoo wa jemadari, kisha huenda likatolewa na padri mmoja kwa babu yako wa mbali huko Goa. Ukitaka kumjua babu huyo, usiulize kamusi. Tafuta daftari la ubatizo la kijiji chake.