Mstari wa Amri: Kwihara na Uongozi wa Misafara

Katika zama hizi mtu mmoja huketi mbele ya kompyuta, akaandika mstari mmoja wa amri, na seva mia zilizo katika mji wa mbali zikatii kwa pamoja. Programu moja itumikayo sana katika kazi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2014, ilipewa jina la Kiyunani, Kubernetes, ambalo maana yake ni nahodha. Jina hilo lakumbusha kuwa shida yenyewe ni kongwe kuliko mashine: mtu mmoja awaongoze vipi wengi waliotawanyika, asioweza kuwaona kwa macho yake? Katika Afrika Mashariki swali hilo lilijibiwa kwa jasho katika karne ya 19, katika njia itokayo Bagamoyo hata Ujiji. Na ushahidi wake waonekana wazi Kwihara, kijiji kilicho kando ya Tabora.

Unyanyembe, nchi iliyo na Tabora na Kwihara, ilikuwa njia panda ya bara. Burton alipofika mwaka 1857 alikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwisha kujenga matembe yao hapo. Bidhaa za pwani, yaani merikani, kaniki, ushanga na masango, zilipumzishwa katika ghala, zikafunguliwa na kufungwa upya, kisha zikapelekwa magharibi Ujiji au kaskazini Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu ziliteremka pwani kwa njia iyo hiyo, na pamoja nazo watu waliotiwa utumwani, jambo ambalo historia ya njia hii haiwezi kulinyamazia. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na ambao kusafiri hata pwani na kurudi kulikuwa heshima kwa kijana.

Msafara wa mamia ya watu haukuongozwa kwa kelele za bwana mmoja. Mbele alitangulia kirangozi, ameshika bendera, naye ndiye aliyejua njia, maji na mahali pa kutua. Wapagazi waligawanyika makambi, kila kambi na chungu chake cha kupikia, na kila kundi na mnyampara wake. Mkuu alisema na wanyampara, nao wakasema na watu wao. Na habari za ugonjwa, njaa au manung'uniko zilipanda kwa ngazi ile ile. Ngoma na baragumu zilitoa amri zilizopaswa kufika kwa wote mara moja: kuamka, kuondoka, kutua. Mzigo ulikuwa na kadiri yake, takriban frasila mbili, na posho ilikuwa na kipimo chake. Kipimo kilipovunjwa, mpagazi hakukosa jibu: aliweka mzigo chini, au alitoroka usiku.

Henry Morton Stanley, alipotumwa kumtafuta David Livingstone, alijifunza desturi hii kabla ya kutia mguu bara. Watu wake, wapatao 192, aliwagawa misafara mitano. Wa kwanza uliondoka Bagamoyo tarehe 18 Februari 1871, na wa mwisho, aliokuwamo mwenyewe, tarehe 21 Machi. Faida ya mgawanyo huo ilikuwa dhahiri: msafara mmoja ukikwama kwa homa, kwa mvua au kwa hongo, minne mingine haikulazimika kukwama nao. Stanley aliingia Kwihara tarehe 23 Juni, baada ya siku 94. Lakini utii alioupata njiani aliununua mara nyingi kwa mjeledi, na watu waliendelea kumtoroka.

Hapo Kwihara alikuta jambo la kushangaza. Kulikuwa na furushi la barua za Livingstone, limeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Msafara uliolibeba ulikuwa umekaa Bagamoyo siku 100, kisha ukasimama Unyanyembe. Na barua hizo hazikufika Ujiji ila mikononi mwa Stanley, mwezi wa Novemba 1871. Wakati huo huo, bidhaa nyingine za Livingstone zilikuwa zimefika Ujiji, na mtu aliyekabidhiwa akaziuza zote, mwenyewe aliporudi akajiona maskini. Amri ilikuwa imetolewa Unguja kwa usahihi. Kilichokosekana ni jibu la upesi: habari kwamba msafara umesimama, na kwamba mali imeuzwa, hazikurudi kwa wakati. Aliyeamuru alidhani kazi imekwisha, kumbe amri imelala njiani.

Mwaka huo huo vita vya Mirambo na Waarabu vilifunga njia ya Ujiji. Sehemu ya Tabora ilichomwa moto mwezi wa Agosti, na Stanley akaizatiti nyumba yake ya Kwihara. Mwezi wa Septemba aliondoka kwa kuzunguka kusini. Njia ndefu ikawa fupi, kwa kuwa ile fupi haikupitika.

Stanley na Livingstone walirudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Mwenzake alipoondoka tarehe 14 Machi, Livingstone alibaki akingoja wapagazi kutoka pwani. Watu 57 walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 safari yake ya mwisho ikaanza. Alifariki kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873.

Hapo msafara ulibaki bila mkuu wala amri. Wapagazi wangeweza kugawana bidhaa na kutawanyika, wala hapana ambaye angewafuata. Lakini Susi na Chuma walishika uongozi kwa shauri la wenzao. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akawa mwandishi. Waliuzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba. Mwezi wa Oktoba Chuma alitangulia Kwihara na barua ya Wainwright. Luteni Cameron, aliyekuwapo huko, aliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Walikataa. Mbele ya safari wenyeji walipozuia maiti kupita, waliwatuma wenzao warudi na mzigo wa mabua ya mtama uliovishwa sanda, kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

Misafara iliyoamriwa kutoka Unguja ilikuwa na mali, barua na ahadi za ujira, na baadhi yake ilipotea. Huu haukuamriwa na mtu, ukafika pamoja na mzigo wake, madaftari ya marehemu na hesabu ya vitu vyake. Wapagazi hao walikuwa wamejua kazi ilikuwa ya nini. Na kirangozi anayejua hilo hahitaji kuambiwa kila hatua.