Kutoka jino la kiboko hadi pamba: historia ya kinachoshikilia meno ya bandia

Mkulima yeyote wa Bariadi, Itilima au Maswa anaijua mbegu ya pamba yenye manyoya. Jineri ikishachambua pamba, nyuzi ndefu zinafungwa robota, na mbegu inabaki imefunikwa na manyoya mafupi yanayong'ang'ania ganda. Kwetu manyoya yale hayana hadhi. Mbegu inaenda kukamuliwa mafuta, mashudu wanakula ng'ombe, basi. Lakini duniani kuna viwanda vinavyoyatafuta, kwa sababu karibu yote ni selulosi tupu. Selulosi ya pamba au ya miti ikipikwa na alkali kali pamoja na asidi maalumu, inageuka kuwa unga unaovimba na kunata ukikutana na maji. Unga huo unawekwa kwenye aiskrimu na kwenye dawa ya meno. Na umo kwenye ile tyubu ndogo ambayo huenda babu au bibi yako anaificha nyuma ya kioo: gundi ya meno ya bandia.

Leo twende na historia ya gundi hiyo. Nakuomba uisome hadi mwisho hata kama meno yako yote 32 yapo, kwa sababu kuna mtu nyumbani kwenu ambaye inamhusu, na kuna namna ya kuitumia gundi hii inayoweza kumharibu mishipa ya fahamu.

Meno yaliyofungwa kwa springi

Tuanze na rais. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani, tarehe 30 Aprili 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Ile hadithi kwamba alivaa meno ya mbao siyo kweli. Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimchongea seti kutoka jino la kiboko, akaacha tundu ili lile jino moja lililobaki lipite. Seti nyingine za Washington zilikuwa na meno ya watu. Kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1784 kinaonyesha malipo ya meno tisa yaliyotoka kwa watu weusi, katika shamba lililolimwa na watumwa.

Kwa nini kiboko? Kwa sababu jino lake ni gumu kuliko la tembo na halibadiliki rangi kuwa njano haraka. Na hapa historia inatugusa sisi. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi Wanyamwezi na Wasukuma ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Zanzibar kwenda ng'ambo. Wakati ule ule, madaktari wa meno Ulaya na Marekani walikuwa bado wanachonga vinywa vya matajiri kutoka meno hayo hayo.

Sasa fikiria: kipande kigumu kilichochongwa kwa kukadiria hakiwezi kukaa sawasawa kwenye ufizi laini. Kilishikiliwaje? Kwa springi. Seti ya juu na ya chini ziliunganishwa kwa springi za chuma zilizosukuma moja juu, nyingine chini. Mvaaji alitakiwa aume meno muda wote ili mdomo usifunguke wenyewe. Kula mbele za watu ilikuwa kazi, na wengi walivua meno kwanza ndipo wakala. Yaani meno yalikuwa ya kuonekana tu.

Mpira, mate na vipande viwili vya kioo

Mabadiliko yaliletwa na mpira. Charles Goodyear alipata hataza ya Marekani mwaka 1844 kwa njia ya kuupika mpira na salfa. Ndugu yake Nelson akafuatia mwaka 1851 na mpira mgumu kabisa, ulioitwa vulkanaiti. Mpira huu kabla ya kupikwa ni laini, kwa hiyo unaweza kukandamizwa juu ya nakala ya taya ya mgonjwa, kisha ukapikwa ukawa mgumu kwa umbo lile lile. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha kati aliweza kupata seti iliyofuata kila bonde na kilima cha ufizi wake.

Seti ikikaa hivyo haihitaji springi. Chukua vipande viwili vya kioo, weka tone la maji katikati, kisha jaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta. Vinagoma. Utando mwembamba wa maji unavishika. Mate yako yanafanya kazi hiyo hiyo kati ya ufizi na seti ya juu, na kingo zikiziba vizuri hewa haiingii. Seti ya chini haina bahati hiyo. Ina umbo la kwato, eneo lake ni dogo, na katikati kuna ulimi usiotulia. Ndiyo maana ukimsikia mzee analalamika kuhusu meno ya bandia, mara nyingi analalamikia ya chini.

Shida ni kwamba taya halitulii. Mfupa unaoshika jino upo kwa ajili ya jino, na jino likiondoka mfupa huo unaanza kuliwa na mwili wenyewe. Antje Tallgren alichapisha mwaka 1972 matokeo ya kuwafuatilia wavaaji wa meno ya bandia kwa miaka 25. Aliona kwamba upungufu ni mkubwa zaidi mwaka wa kwanza, hauishi baada ya hapo, na taya la chini hupungua karibu mara nne kuliko la juu. Kwa hiyo seti iliyokaa vizuri ilipotengenezwa itapwaya tu. Meno hayajabadilika, nyumba ndiyo imepungua.

Utomvu wa miti, halafu pamba

Ili kuziba nafasi hiyo watu waligeukia utomvu. Unga wa karaya kutoka India, tragakanthi kutoka Iran, na gundi ya migunga ambayo mchungaji wa Meatu anaweza kuibandua kwenye mti akipita na ng'ombe wake. Hataza ya kwanza ya Marekani kwa gundi ya meno ilitolewa mwaka 1913. Tabia ya utomvu huo ni kunyonya mate, kuvimba, na kujaza pengo. Udhaifu wake ni kwamba unayeyuka upesi. Kikombe kimoja cha chai ya moto na gundi imekwenda. Karaya, juu ya hapo, ina asidi inayodhuru meno ya asili yaliyobaki.

Hapo ndipo selulosi ilipoingia. Kabosimethiliselulosi, ndiyo ule unga niliokutajia mwanzo, ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1918, na baadaye ikachukua nafasi ya utomvu. Inanata haraka, ila nayo haidumu. Viwanda vikaichanganya na plastiki fulani yenye chumvi za kalsiamu na zinki, inayochelewa kuyeyuka. Mchanganyiko huo wa wawili, mmoja mwepesi na mwingine mvumilivu, ndio upo kwenye tyubu nyingi hadi leo.

Zinki ilipogeuka sumu

Mwaka 2008 madaktari wa Dallas, Marekani, waliandika kwenye jarida la Neurology kuhusu wagonjwa wanne. Walikuwa na ganzi, miguu dhaifu, na kutembea kwa shida. Vipimo vilionyesha zinki nyingi mwilini na shaba kidogo mno. Walichofanana ni meno ya bandia yaliyopwaya na matumizi ya gundi isiyopungua tyubu mbili kwa wiki. Zinki ikizidi tumboni huzuia mwili kunyonya shaba, na bila shaba damu na uti wa mgongo huharibika. Mwaka 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline ikaacha kutengeneza aina za Poligrip zenye zinki.

Tazama hapo chanzo ni nini. Hakuna aliyekunywa sumu. Watu walikuwa wanajaribu kula na kucheka kama wenzao, taya limepungua, wakawa wanaongeza gundi badala ya kurekebisha meno.

Itumie hivi

Kwanza, soma pakiti. Ikiwepo aina isiyo na zinki, chukua hiyo. Osha meno ya bandia, yakaushe. Weka matone matatu au manne madogo kama punje ya choroko, mbali na kingo. Ikitokeza pembeni ukiyavaa, umeweka nyingi. Suuza mdomo, yavae, yabonyeze, uma kwa sekunde chache. Mara moja kwa siku inatosha. Usiku yavue, futa mabaki ya gundi kwenye meno na kwenye ufizi kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa au mswaki laini, kisha yalaze kwenye maji safi. Maji yanayochemka yatayapinda.

Na tafadhali, yakivunjika usiyaunge kwa supagluu. Ile haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, na kipande kikiungwa kimepinda hata milimita moja, fundi hawezi tena kukirudisha sawa.

Baada ya gundi

Gundi ikiwa inahitajika mara mbili, mara tatu kwa siku, seti imekwisha muda wake. Hatua ya kwanza ni kuiwekea tabaka jipya kwa ndani lifuate ufizi ulivyo sasa, na hii ni nafuu kuliko kununua mpya. Ikishindikana, seti mpya. Hatua ya mbali zaidi ni vipandikizi. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, alikuwa ameweka kifaa cha titaniamu kwenye mfupa wa sungura ili aangalie mzunguko wa damu. Alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 aliweka titaniamu kwenye taya la mgonjwa wa kwanza. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walisema kwamba mtu asiye na meno kabisa taya la chini apewe kwanza seti inayoshikwa na vipandikizi viwili. Viwili tu, na malalamiko ya ulimi na kwato yanakwisha.

Ni ghali, najua. Na kwetu bado ni mbali. Shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1979, kabla ya hapo ilibidi kusomea nje ya nchi. Mkoa wa Simiyu wenyewe umezaliwa 2012. Kwa wengi wetu huduma ya meno imekuwa na maana moja, kung'oa, na mtu akishang'oa anadhani safari imeisha. Kumbe kwa taya ndiyo imeanza. Mzee anaacha mahindi ya kuchoma, anaacha nyama, anabaki na uji, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Nasi tunasema ni uzee.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria titaniamu, fanya hili dogo: mpeleke kwenye kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya au ya mkoa mara moja kwa mwaka, avae meno yake, akaangaliwe yanavyokaa na ufizi ulivyo. Kama kazi yenyewe haifanyiki pale, omba rufaa ya Bugando kabla hujapanda basi la Lamadi kwenda Mwanza. Na leo jioni, kwa adabu, muulize swali moja tu: tyubu moja inamkalia muda gani? Akikwambia haimalizi wiki, hiyo siyo habari ya gundi tena.