Daftari la Gombe: Kiswahili, Utafiti na Sera ya Elimu ya Juu katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Mjadala wa lugha ya kufundishia katika elimu ya juu nchini Tanzania umedumu kwa zaidi ya miongo minne, na aghalabu umeendeshwa kana kwamba unahusu mambo yajayo tu. Wanaokitetea Kiswahili husema kitaweza. Wanaokitilia shaka husema hakijaweza. Pande zote mbili huzungumzia uwezo ambao eti haujapata kujaribiwa. Historia ya Kigoma na Ujiji inatoa ushahidi tofauti. Katika mwambao huo Kiswahili kimebeba biashara, kikabeba mitambo, na kwa takribani nusu karne kimebeba kumbukumbu za utafiti wa kisayansi unaojulikana dunia nzima. Swali linalofaa kuulizwa, basi, ni kwa nini lugha iliyoweza kuandika data za sayansi haikuruhusiwa kupanda nazo hadi kwenye shahada.

Ujiji: lugha ya soko

Kabla ya kuwasili kwa wageni wa Ulaya, Ujiji ulikuwa mji wa soko katika nchi ya Waha, mahali ambapo chumvi ya Uvinza, samaki wa ziwani, pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watumwa walibadilishwa kwa nguo na shanga. Wafanyabiashara wa pwani waliufikia mwambao huo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na lugha yao ikafika pamoja nao. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, na Henry Stanley alipomkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, walikuta tayari njia ya misafara ambayo mtu aliyejua Kiswahili angeweza kuipita tangu Bagamoyo hadi ziwani bila kukosa wa kuzungumza naye. Kutoka Ujiji lugha hiyo ilivuka maji hadi Nyangwe na Kasongo, ikazaa lahaja za Kongo ya mashariki.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili hakikuiondoa lugha ya wenyeji. Kiha kiliendelea kuwa lugha ya nyumbani na ya mashamba, ilhali Kiswahili kilikuwa lugha ya hesabu, mikataba na safari. Tangu mwanzo wake katika mwambao huu, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliokutana kwa ajili ya kazi.

Reli na meli: lugha ya karakana

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika ziwani mapema mwaka 1914 baada ya safari ya zaidi ya kilometa 1,200. Haikuishia Ujiji. Ghuba ya Kigoma ilikuwa na maji ya kina na kinga dhidi ya mawimbi, ilhali ufuko wa Ujiji ulikuwa na maji mafupi. Kwa uamuzi huo mmoja wa kiufundi, mji mkongwe ulipoteza nafasi yake na kijiji cha jirani kikawa bandari.

Kwa reli hiyo ililetwa meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilipewa jina la Graf von Götzen, ikashushwa majini Kigoma Februari 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza upya kazi kwa jina la Liemba. Jina hilo ndilo ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa upande wa kusini wa ziwa mwaka 1867.

Wahandisi wa meli hiyo walikuwa Wajerumani, kisha Waingereza. Lakini kazi ya kila siku ya bandari na karakana ilihitaji lugha ambayo Mha, Mmanyema na Mnyamwezi wangeelewana kwayo. Kiswahili hakikuanza mikono mitupu. Kilikuwa na omo, tezi, nanga na usukani kutoka katika ubaharia wa pwani. Kilikuwa na bomba na parafujo kutoka kwa Wareno. Kikaongeza reli, stesheni, injini na boila kutoka kwa Waingereza, kama kilivyokwisha kupata shule kutoka kwa Wajerumani. Hakuna kamati iliyokaa kuamua iwapo lugha iko tayari kwa mvuke. Kazi ilikuja, istilahi zikafuata.

Ngazi mbili za elimu

Tofauti na karakana, shule ilijengwa kwa ngazi mbili. Serikali ya Kiingereza iliweka Kiswahili katika madarasa ya chini na Kiingereza katika madarasa ya juu. Kiswahili kilisanifiwa kwa ajili ya vitabu vya shule kupitia Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, lakini usanifishaji huo haukukusudiwa kukifikisha chuoni. Chuo Kikuu Kishiriki kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kilifundisha kwa Kiingereza.

Uhuru uliipanua ngazi ya chini. Kufuatia falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi yote. Kigoma iliihisi sera ya zama hizo kwa namna yake. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha wakulima waliokuwa wakiishi katika makazi ya kutawanyika na kuwaweka katika vijiji, kwa hoja kwamba vijiji vingerahisisha huduma za shule, maji na zahanati. Wengi walihama kwa shuruti, na machungu ya uhamisho huo hayafai kusahauliwa. Hata hivyo, kwa njia ya shule za msingi na madarasa ya elimu ya watu wazima, watu wengi wa mwambao walijua kusoma na kuandika, na walijua kwa Kiswahili.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liligusa elimu ya juu moja kwa moja. Liliagiza kwamba mwanafunzi asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari, bali kwanza afanye kazi na apate ushuhuda wa mwenendo wake kazini. Wazo lilikuwa kuunganisha chuo na mahali pa kazi. Utaratibu huo ulilegezwa kwanza kwa wanawake, na katika miaka ya 1980 ukaachwa. Kasoro yake moja haijadiliwi sana: ulimpeleka msomi kazini, lakini haukumfungulia mfanyakazi mlango wa chuo kwa lugha aliyofanyia kazi.

Gombe: lugha ya utafiti

Kaskazini ya mji wa Kigoma, kandokando ya ziwa, ndipo ilipo Gombe. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, bila shahada yoyote. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa kichuguuni, na dai kwamba binadamu pekee ndiye hutengeneza na kutumia zana likaanguka. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea kwa masomo ya uzamivu ingawa hakuwa na shahada ya kwanza, na kikamtunuku shahada hiyo mwaka 1966. Gombe ilikuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Kadiri kazi ilivyopanuka, vijana wa vijiji vya ziwani waliajiriwa kuwafuatilia sokwe msituni. Januari 1974, Hilali Matama, mmoja wa wafanyakazi hao, alishuhudia madume wa jamii ya Kasakela wakimvamia sokwe wa jamii ya Kahama aliyeitwa Godi. Ushuhuda huo ndio mwanzo wa kumbukumbu za ule uhasama wa miaka minne ambao wanasayansi waliuita vita, na ambao ulilazimisha dunia kufikiri upya kuhusu asili ya ukatili wa makundi.

Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliteka nyara wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Baadaye waliachiliwa, lakini watafiti wageni wakaondoka. Utafiti ungeweza kufa hapo. Haukufa, kwa sababu wafanyakazi Watanzania waliendelea kupanda milima kila siku, wakiandika sokwe gani yuko na nani, anakula nini, yuko bonde gani na anafanya nini. Maelezo ya mwenendo wa sokwe waliyaandika kwa Kiswahili.

Daftari hizo si kumbukumbu za kawaida. Uchunguzi wa sayansi unataka mwandishi atofautishe alichokiona na anachokidhania, ataje muda na mahali, na atumie neno lilelile kwa tendo lilelile leo na baada ya miaka 10. Haya yote yalifanyika kwa Kiswahili, kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawakuvuka elimu ya msingi. Baadaye kumbukumbu hizo zilitafsiriwa kwa Kiingereza, na kuanzia miaka ya 1990 zikahifadhiwa na kuingizwa katika kompyuta nchini Marekani, kwanza katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Duke. Tasnifu nyingi za uzamivu zimejengwa juu yake.

Hapa ndipo penye uzito wa mada. Mtazamaji asiye na shahada aliyeandika kwa Kiingereza alifunguliwa mlango wa Cambridge kwa nguvu ya alichokiona. Kwa mtazamaji aliyeandika kwa Kiswahili, njia ya kutoka daftari hadi shahada ilipita katika Kiingereza cha sekondari, na sera haikuweka njia nyingine. Kosa halikuwa la Goodall, ambaye aliwataja wafanyakazi hao kwa majina katika maandishi yake, wala si la vyuo vya Marekani vilivyozihifadhi karatasi. Ni pengo la sera ya taifa.

Hoja za upande wa pili

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na kipande hadi chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekipenda na kukiandikia Kiswahili, alikilinganisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, na akahofia Tanzania kujitenga. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Hata daftari za Gombe zisingejulikana duniani bila kutafsiriwa.

Hoja ya istilahi ni dhaifu zaidi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 programu za ofisi za kompyuta zilipatikana kwa Kiswahili kwa jitihada za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao. Idara ya Kiswahili ya chuo hicho nayo imefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1970. Istilahi hudhoofika kabatini na kukomaa kazini, kama zilivyokomaa zile za karakana ya Kigoma.

Hoja nzito ni mbili. Ya kwanza ni vitabu: chuo hakiendeshwi kwa tamko, na gharama ya kuandika na kutafsiri vitabu vya kiada ni kubwa. Ya pili haisemwi mara kwa mara. Kwa mtoto wa Kasulu au Buhigwe, Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Anayedai kwamba Kiswahili ndicho kinachomfungulia mtoto huyo maarifa hana budi kukiri kwamba Kiha nacho kina maarifa yake, hususan majina ya miti, samaki na pepo za ziwa.

Hitimisho

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka nia ya kukitumia Kiswahili katika ngazi zote bila kukiacha Kiingereza. Wakati huohuo mwambao unabadilika tena. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeingia katika mpango wa kujenga kampasi mkoani humo. Elimu ya juu, ambayo kwa miongo mingi kijana wa Kigoma aliifuata kwa garimoshi, sasa inaelekezwa kwake.

Inafaa kampasi za namna hiyo zisisubiri sera ikamilike. Tasnifu iliyofanyiwa Kigoma inaweza kutakiwa kuwa na muhtasari wa Kiswahili, nakala yake ikarudishwa wilayani ilikotoka data. Daftari za Gombe zinaweza kuchambuliwa na wanaisimu kama matini ya kisayansi ya Kiswahili, kwa kuwa ndani yake mna istilahi zilizobuniwa msituni na kupimwa kwa miaka mingi. Aidha, mfanyakazi mwenye uzoefu mrefu wa utafiti anaweza kutahiniwa kwa lugha aliyoitumia, kisha akasaidiwa kujifunza Kiingereza akiwa tayari ndani ya chuo, badala ya Kiingereza kuwa kufuli la mlango.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa Ziwa Tanganyika wamekuja kwa misafara, kwa reli, kwa meli na kwa darubini, na wengi wao wameondoka na maarifa waliyoelezwa au kuandikiwa kwa Kiswahili. Kupona kwa mwenyeji kutaanza siku atakapoweza kuyasoma maarifa hayo katika lugha aliyoyaandikia, na kuyatetea mbele ya watahini kwa lugha hiyohiyo.